Kiapo, fimbo na ushahidi: namna ya kuhakikisha kosa la mwizi wa silaha, tangu wababu mpaka leo

Katika inchi yetu kuko mezali moja ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaijua: siku za mwizi ni makumi ine. Watu wanaisema kwa furaha kwa sababu inatia moyo. Mwizi ataiba leo, ataiba kesho, lakini siku yake itafika. Sisi pia tumeifundisha darasani mara nyingi. Lakini mezali hiyo inanyamaza juu ya neno moja kubwa. Ile siku ya makumi ine ikifika, tutajua namna gani kama yule tuliyemshika ndiye mwizi?

Swali hilo ni la kale kuliko tribinali zetu. Wababu waliliuliza, Wabelgiji waliliuliza, na serikali yetu inaliuliza tangu uhuru wa 1960. Katika mafasirio haya tutafuata namna lilivyojibiwa, zaidi sana kwa kosa linaloogopesha watu kuliko mengine, ni kusema wizi wa silaha. Tuanze na jambo moja tuliloliona kwa macho yetu.

1. Asubuhi moja kando ya soko

Miaka michache iliyopita, katika mtaa wetu hapa Katanga, watu wanne ao watano waliingia usiku katika nyumba ya mama mmoja muuzaji wa unga. Walivunja mlango kwa jiwe, wakamwekea mama panga shingoni, wakachukua feza, simu mbili na redio. Hakukuwa na taa, umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Kulipokucha, ile redio ilionekana katika kibanda cha kijana mmoja anayetengeneza redio na simu kando ya soko. Tulimjua vizuri, kwa kuwa tulikuwa tumemfundisha miaka miwili.

Watu walijaa upesi. Mmoja akapaza sauti: "Njo yeye! Njo yeye!" Wengine wakaitika. Mwingine akaleta mpira wa motokari, na chupa ya petroli ikapita mkono kwa mkono. Kijana alisema neno moja tu, kwamba redio ililetwa kwake asubuhi ile juu ya kutengenezwa. Hakuna aliyemuuliza: nani aliileta? Saa ngapi? Nani mwingine aliona? Sisi pia hatukuuliza. Tulisimama nyuma, na daftari zetu za masomo kwapani, tukanyamaza. Askari wa polisi walifika mbele ya moto kuwashwa, wakampeleka kijana kasho huku wanampiga. Watu walirudi nyumbani wakisema kwamba mwizi ameshikwa.

Tutarudi kwa kijana huyo mwishoni. Sasa twende kwa wazee.

2. Njia mbili za wababu

Watu wengi wa mjini wanafikiri kwamba zamani hakukuwa na uchunguzi wowote, kulikuwa mwavi na waganga tu. Wengine, wale wanaopenda kusifu zamani, wanasema kinyume: watu walikaa chini ya mti, wakaongea, wakapatana, na haki ilikuwa safi. Kila upande unasema nusu ya kweli. Wababu walikuwa na njia mbili za kumjua mwenye kosa, na njia hizo hazifanani hata kidogo.

Njia ya kwanza ni ya macho na masikio. Mwizi aliyeshikwa na kitu mkononi hakuwa na maneno mengi ya kusema. Kama alikimbia, watu walifuata nyayo zake mpaka mahali zilipoingia, na wenyeji wa mahali pale wakaulizwa. Kama kitu kilionekana kwa mtu mwingine, mwenyewe alipaswa kukitambua kwa alama: jembe na mpini wake aliouchonga, mbuzi na sikio lake lililokatwa, kitambaa na kiraka chake. Kusema tu "ni changu" hakukutosha.

Kisha mambo yakaletwa mbele ya mkubwa na wazee. Mwenye kushitaki alisema kwanza, na hakuna aliyemkata neno. Mshitakiwa akajibu. Mashahidi wakafuata, na wazee wakauliza mmoja mmoja, mara nyingi kwa mezali, kwa sababu mezali inamwuliza mtu bila kumtukana. Mwishoni mkubwa alikata maneno. Azabu ya wizi wa kawaida ilikuwa kurudisha kitu na kulipa juu yake. Watu walilipa mbuzi, majembe, na huku Katanga, misalaba ya shaba iliyotumika kama feza. Jamaa yote ilisaidia kulipa, juu kosa la mtoto lilikuwa haya ya ukoo mzima.

Njia ya pili ilifunguliwa pale ya kwanza ilipofungika, ni kusema wakati hakuna jicho lililoona na hakuna mtu aliyekubali kosa. Hapo wazee waliacha kuuliza watu, wakauliza nguvu zisizoonekana. Waluba na Wabemba walikuwa na mwavi. Wakongo walikuwa na nkasa. Vyote viwili vinatoka katika ganda la mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Erythrophleum. Ganda linasagwa, linatiwa ndani ya maji, na mshitakiwa anakunywa mbele ya watu. Akitapika, hana kosa. Akianguka ao akifa, kosa limeonekana. Waazande wa Uele walitumia sumu yao, benge. Mara nyingi waliipa kuku, wakauliza swali, wakaangalia kama kuku atakufa ao ataishi. Kwa Wakuba, mganga alichukua itombwa, sanamu ya mnyama iliyochongwa kwa mti, akasugua kipande kidogo cha mti mgongoni mwake huku anataja majina ya watu. Jina ambalo kipande hicho kilikwama juu yake, ndilo la mwenye kosa. Waluba walikuwa pia na kashekesheke, chombo kidogo kinachoshikwa na mganga pamoja na mwenye kuuliza, na mwendo wake ukawa jibu.

Mambo hayo yalitumika zaidi sana kwa ulozi, lakini hata wizi na uzinzi uliletwa huko. Lugha yetu ya Kiswahili inabeba kumbukumbu ya mambo hayo. Mpaka leo tunasema kula kiapo, kula yamini. Kwa nini kula? Kwa sababu zamani kiapo kilikuwa kitu kinachoingia tumboni. Leo tunainua mkono tu, lakini neno limebaki.

Mwanafunzi mmoja alituuliza: je, wazee walikuwa wajinga? Hapana. Waliona mambo ambayo sisi tunayaona. Kijiji hakiwezi kuishi na shaka, kila mtu anamwogopa jirani yake. Mwavi ulimaliza shaka kwa siku moja. Tena mtu mwenye kosa, akijua kwamba kesho atakunywa, mara nyingine aliungama usiku. Lakini ubaya wake ni mkubwa kuliko faida. Ganda la ule mti lina sumu inayopiga moyo, na sumu haijui nani ameiba. Aliyetapika upesi alipona. Aliyekuwa na moyo mzaifu ao aliyepewa kipimo kikubwa alikufa. Na kipimo kilikuwa mkononi mwa mganga.

Hapa ndipo tunaomba msomaji aangalie vizuri tofauti ya njia hizo mbili. Katika njia ya kwanza, mzigo uko juu ya mwenye kushitaki: alete shahidi, alete alama, aeleze. Katika njia ya pili, mzigo unawekwa juu ya mwili wa mshitakiwa: anywe, avumilie, apone kama anaweza. Njia ya kwanza inauliza watu. Njia ya pili inauliza mwili wa mtu mmoja.

Na mwizi wa silaha? Huyo mara nyingi hakufika mbele ya wazee. Mtu aliyeingia usiku na mkuki hakuhesabiwa kama mwizi, alihesabiwa kama adui, na aliyemuua mlangoni hakulaumiwa. Katika karne ya 19, wakati bunduki ziliingia kwa wingi pamoja na misafara ya watumwa na pembe za tembo, na wakati Msiri alitawala kutoka Bunkeya mpaka kifo chake mwaka wa 1891, wizi wa watu wengi wenye silaha uliitwa vita, na jibu lake lilikuwa vita. Wazo hilo halijatutoka. Mtu akiiba kuku, tunauliza maswali. Mtu akisemwa kuwa ameiba na silaha, tunatafuta petroli. Tunafanya kama askari wa vita, wakati inafaa tufanye kama mashahidi.

3. Karatasi na fimbo ya Mbelgiji

Baada ya Inchi Huru ya Kongo ya mfalme Léopold II, iliyoanza 1885, na koloni la Belgika tangu 1908, hukumu iligawanyika mara mbili. Kulikuwa tribinali za Wazungu zenye sheria iliyoandikwa, na tribinali za wenyeji zilizopangwa na dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926, katika sheferi, katika sekteri na katika miji. Huko wakubwa waliendelea kuhukumu kwa desturi, kama desturi haikupinga sheria za serikali. Lakini karani alikaa kando yao na kitabu. Neno la shahidi likawa maandiko. Hiyo ilikuwa faida, juu maandiko hayasahau. Ilikuwa hatari pia, kwa sababu maandiko yanaweza kusema yale mtu hakusema, na mtu asiyejua kusoma anaweka kidole tu.

Kitabu cha sheria za azabu cha tarehe 30 Januari 1940, ambacho mpaka leo ni msingi wa sheria zetu, kilikataza mwavi na ndugu zake wote. Vifungu vya 57 mpaka 60 vinaazibu wale wanaofanya jaribio la ushirikina. Inafaa tueleze namna sheria inavyofasiria jambo hilo, kwani ni fasirio lenye akili. Jaribio la ushirikina, sheria inasema, ni kumtia mtu katika maumivu ya mwili, ya kweli ao ya kuzaniwa, akitaka ao asitake, ili watu waangalie matokeo na kusema kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Sheria haikutaja mwavi kwa jina, wala nkasa, wala benge. Ilitaja jambo lenyewe: kutafuta kosa kwa njia ya maumivu.

Msomaji atatabasamu akikumbuka kwamba serikali iliyoandika vifungu hivyo ndiyo iliyotawala kwa fimbo, ile ya ngozi ya kiboko. Kwa sheria fimbo ilikuwa azabu, haikuwa njia ya kuuliza. Lakini wazee waliofanya kazi wakati ule walijua vema: mtu aliyepigwa asubuhi alijibu upesi mchana. Hivi ndivyo jaribio lililofukuzwa kwa mlango lilirudi kwa dirisha. Mwavi ulikatazwa kijijini, na kipigo kikapata nafasi katika kasho. Mganga aliuliza sumu, askari akauliza mgongo. Wote wawili waliuliza mwili.

4. Tangu 1968: azabu ya kifo

Mbele ya uhuru, tarehe 6 Agosti 1959, dekreti nyingine iliweka utaratibu wa kesi za azabu: nani anachunguza, nani anashitaki, mashahidi wanaapa namna gani, juji anasikiliza namna gani. Utaratibu huo ungali unatumika, pamoja na mabadiliko yaliyofuata.

Katika kitabu cha 1940, kifungu cha 79 kinasema wizi ni nini: kuchukua kwa udanganyifu kitu kisicho chako. Vifungu vinavyofuata vinapandisha azabu kidogo kidogo. Wizi wa kawaida unafikia miaka mitano. Kuvunja nyumba, ao kuiba usiku ndani ya nyumba ya watu, kunapandisha. Kutumia nguvu ao vitisho kunafikia miaka makumi mawili. Lakini baada ya miaka ya vita na maasi, serikali iliona hiyo haitoshi. Tarehe 3 Mei 1968, sheria namba 68-193 iliongeza kifungu cha 81 bis: wizi wa silaha unaazibiwa kwa kifo.

Tangu siku hiyo, neno moja dogo, silaha, linaweza kumpeleka mtu kutoka miaka mitano mpaka kaburini. Ndiyo sababu lilipaswa kuhakikishwa kwa uangalifu zaidi. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba mara nyingi ilikuwa kinyume: kadiri kosa lilivyotisha, watu walifanya haraka. Mwaka wa 1997 serikali mpya iliunda Kur d'Ordre Militaire, na raia walioshitakiwa wizi wa silaha walipelekwa huko pamoja na askari. Hakukuwa na rufaa. Watu walihukumiwa kufa na wengine waliuawa. Kur hiyo iliondoka 2003, wakati sheria mpya za hukumu za jeshi zilianza kutumika.

Tangu 2003 azabu ya kifo ilitamkwa katika tribinali lakini haikutekelezwa. Mwezi wa tatu 2024 wizara ya sheria iliondoa kizuizi hicho, juu ya uhaini ndani ya jeshi na juu ya ujambazi wa mijini unaoleta kifo cha watu. Wengi katika mitaa yetu walifurahi, na hatuwezi kuwacheka. Mtu aliyewekewa panga shingoni mbele ya watoto wake ana haki ya kukasirika. Lakini furaha hiyo inatupasa kurudi kwa swali letu la mwanzo. Kama azabu haiwezi kurudishwa, uhakikisho unapaswa kuwa wa namna gani?

5. Ni nini inapaswa kuhakikishwa?

Tunapofundisha elimu ya raia katika darasa la sita la sekondari, tunawaambia wanafunzi kwamba kesi ya wizi wa silaha ni milango mitatu, na mwenye kushitaki anapaswa kuifungua yote.

Mlango wa kwanza: je, kulikuwa wizi? Kitu gani kilichukuliwa, kilikuwa cha nani, na mwenyewe hakukubali? Mara nyingi mlango huu unafunguka kwa urahisi.

Mlango wa pili: je, kulikuwa silaha? Nani aliiona, ilikuwa ya namna gani, ilionyeshwa wakati gani? Silaha ikishikwa, inapaswa kuandikwa, kufungwa na kuletwa mbele ya juji. Ikiwa haikushikwa, mashahidi wanapaswa kuieleza, na maneno yao yalinganishwe. Tena aina ya silaha inaweza kubadilisha tribinali. Kesi ya raia mwenye panga inakwenda tribinali ya grande instance, lakini silaha ya vita inaweza kumpeleka raia mbele ya juji wa jeshi.

Mlango wa tatu ndio mgumu: je, ni huyu? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kila mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ihakikishe kosa lake. Kifungu hicho pia kinasema kila mtu anajibu juu ya matendo yake mwenyewe. Hakuna kumshika mama juu ya mtoto, wala ndugu juu ya ndugu. Hapo sheria inaachana na zamani, wakati ukoo mzima ulilipa. Kifungu cha 18 kinakataza polisi kumweka mtu zaidi ya saa makumi ine na nane bila kumpeleka mbele ya mkubwa wa hukumu. Kifungu cha 19 kinampa haki ya avoka, na kifungu cha 20 kinataka kesi iwe wazi mbele ya watu.

Katika mlango huu wa tatu, ushahidi unakuja kwa namna nyingi, na kila namna ina uzaifu wake. Mtu aliyeibiwa anasema: ndiye huyu. Lakini alimuona kwa taa gani? Kwa muda gani? Alimjua mbele ya siku ile, ao alimtambua baada ya kusikia jina lake likipigiwa kelele? Mtu aliyewekewa panga mara nyingi anaangalia panga, haangalii uso. Kitu kilichoibiwa kinaonekana kwa mtu. Ni ushahidi mkubwa, lakini mtu huyo anaweza kuwa mwizi, ao mpokezi wa vitu vya wizi, ambalo ni kosa lingine lenye azabu nyepesi kuliko kifo, ao mnunuzi, ao fundi. Mshitakiwa mwingine anamtaja. Lakini labda anajitafutia huruma, ao anamficha mwenzake wa kweli.

Mwishoni kuna kuungama. Hapa watu wanafikiri kazi imekwisha: amekubali, PV imeandikwa, ametia saini. Hapana. Katika sheria yetu juji anapima ushahidi wote kwa zamiri yake, na PV ya OPJ inaweza kupingwa. Tena tangu sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011, kumtesa mtu ili aungame ni kosa lenye azabu yake. Kuungama kunakofaa ni kule kunakoongoza kwa jambo linaloonekana: anasema panga limefichwa wapi, na panga linaonekana pale. Kuungama kusiko na kitu nyuma yake ni maneno ya mtu anayetaka maumivu yaishe.

Na kama baada ya yote shaka imebaki? Shaka inamfaa mshitakiwa. Watu wa mtaa wanakasirikia neno hili kuliko maneno yote ya majuji. Wanasema feza imepita. Ni kweli kwamba mara nyingine feza inapita, na kila mtu ana mfano wake. Lakini rushwa na shaka si kitu kimoja. Mwenye rushwa anafunga macho mbele ya ushahidi. Mwenye shaka ameufungua macho akautafuta, na hakuuona.

6. Mwisho wa kijana wa redio

Sasa turudi kando ya soko. Kijana wetu alikaa gerezani miezi minane. Kesi ilipoitwa, tulikwenda kusikiliza, kwa haya kuliko kwa ujasiri. Juji alimwuliza mama muuzaji wa unga: "Mama, uliona uso wake?" Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli: "Sikuona sura. Nilisikia tu sauti. Asubuhi batu balisema njo yeye." Hakuna panga lililoletwa. PV ilisema kwamba kijana aliungama. Kijana aliinua mkono wake wa kuume, akaonyesha vidole viwili visivyokunjika tena, akasema kwamba aliweka saini mkono huo ukiwa umevimba.

Kisha avoka akamleta msichana mmoja anayeuza maji katika mifuko kando ya soko. Yeye alikuwa ameona wanaume wawili wasio wa mtaa wakileta redio mapema, wakamwambia fundi watarudi saa ine. Juji akamwuliza kwa nini hakusema tangu siku ile. Akajibu: "Hakuna mwenye aliniuliza."

Jibu hilo lilitupiga kuliko hukumu. Msichana alikuwa pale asubuhi ile, hatua makumi mawili kutoka mpira wa motokari. Ushahidi ulikuwako, ulisimama na ndoo kichwani. Ilikosekana tu sauti moja ya kuuliza, na sisi tuliokuwa na sauti, mtaa mzima unayoiita ya mwalimu, tuliifunga.

Kijana aliachiliwa, juu ya shaka. Alirudi, akakuta kibanda chake kimevunjwa. Watu wengine walikataa salamu yake, wakisema tribinali imenunuliwa. Fundi asiye na vidole viwili hapati kazi nyingi. Alihama pamoja na mama yake, na hatujui kama atarudi. Mama muuzaji wa unga tulimkuta siku moja sokoni. Alituambia: "Mwalimu, kama si yeye, ni nani?" Hatukuwa na jibu, na yeye anastahili jibu kama vile kijana alistahili haki. Mpaka leo wale waliomwekea panga shingoni hawajulikani.

Hapa ndipo tunataka kufunga mafasirio haya. Katika kikundi chetu cha desturi tunasema mara nyingi kwamba inafaa kurudia mambo ya wazee. Vema. Lakini tuchague vizuri. Mpira wa motokari na petroli hautoki kwa wageni tu, wala haukuanza jana. Ni mtoto wa njia ile ya pili, ya mwavi, njia inayouliza mwili kwa sababu imechoka kuuliza watu. Kipigo cha kasho ni ndugu yake. Tukisema sisi ni Wakristo ao watu wa shule, na tunafanya hivyo, tumebadilisha ganda la mti tu.

Urithi wa kweli ni ile njia ya kwanza. Mkubwa wa avenyu, mwalimu, katekista, mama wa soko, kila mmoja anaweza kuitumia bila karatasi wala diploma, mbele ya polisi kufika. Aulize mambo mane kwa sauti kubwa: Nani aliona? Kwa taa gani? Kitu hiki kimefikaje hapa? Nani mwingine alikuwa pale? Wakati maswali hayo yanaulizwa, petroli inakaa chini. Kisha mtu apelekwe kwa sheria, mzima, na majina ya mashahidi yaandikwe.

Siku za mwizi ni makumi ine, ndiyo. Lakini zinafika makumi ine kama kuna mtu anayezihesabu. Asubuhi ile kando ya soko tulimshika mtu mwingine, tukaenda nyumbani, tukaacha kuhesabu.